Bi Mdogo wa Kwenye Soketi

Shemeji yangu alipiga simu kabla pasi haijapata moto vizuri. Nilikuwa nimetandaza shati la kwanza mezani, nimelinyunyizia maji kwenye kola, nasubiri, na simu ikalia.

"Shemeji, uko salama?"

"Niko salama. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekukumbuka tu."

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu. Shati likija limejikunja mahali pasipo kawaida, huwa naweza kukuambia mwenyewe alikaaje na aliegemea nini. Kwa hiyo usidhani utanikunjia maneno nisione. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ni fundi friji. Mchana kweupe huwa amejibana nyuma ya friji la mtu, uso umejaa vumbi na mikono ina grisi. Mtu wa namna hiyo hamkumbuki mjane wa kaka yake katikati ya kazi hivihivi tu. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaanza kola. Lakini machale yalikuwa yameshanicheza, maana haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nikishika pasi tu, simu inalia.

Niseme wazi ninachokiogopa, msije mkanihesabu kuwa na roho mbaya bure. Nyumba hii ya vyumba viwili mume wangu aliijenga kwenye kiwanja cha baba yao. Kiwanja chenyewe hakijawahi kugawanywa. Baba mkwe alipofariki, ndugu wawili waliambiana tu, wewe kaa hapa, mimi nitakaa kule, yakaisha. Mume wangu akiwa hai jambo hilo halikunikosesha usingizi. Sasa hayupo, na sina mtoto wa kusimama mlangoni akasema hapa ni kwa mama yangu. Nimeona wajane wakifungashiwa virago na watu walewale waliokuwa wakilia nao msibani. Na huanza hivyohivyo. Kwanza simu za uko salama, halafu ziara za nilikuwa napita, halafu siku moja mtu anakuja na futi ya kupimia. Mimi nilikuwa naisubiri hiyo futi.

Sasa niwape habari za Bi Mdogo, maana bila yeye hamtanielewa.

Bi Mdogo ni kisanduku kinachoenea kiganjani. Kina feni moja, kioo kidogo kama stempu, na waya unaoenda kwenye soketi. Mume wangu alikuwa msoma mita za maji, akizunguka mitaa yote na kofia yake, mpaka moyo ulipomchosha na daktari akamwambia akae nyumbani. Mtu aliyezoea kusoma namba kutwa nzima, ukimkalisha kwenye kiti, atazitafuta namba popote zilipo. Yeye alizipata kwenye sarafu za mtandaoni. Alisikia kuna watu wanazichimba majumbani kwao, kwa kujifurahisha tu, kwa vimashine vidogo visivyopiga kelele. Akamshawishi mdogo wake, wakaagiza kimoja, wakakifunga pale sebuleni huku wakichekelea kama watoto waliopata panzi.

Kuchimba kwenyewe hakuna jembe wala shimo. Kimashine kinabahatisha namba, kutwa kucha, namba zisizohesabika, kikishindana na mashine nyingine duniani ambazo zinajaza maghala. Kikibahatika kuipata namba inayotakiwa, mwenye kimashine ameukata. Kisipobahatika, kimekupa upepo wa moto tu.

"Na nafasi ya kupatia ikoje?" nilimuuliza siku ile ya kwanza.

"Ipo," alisema.

"Ipo kiasi gani?"

"Mke wangu, usiniharibie siku."

Akawa anakipangusa vumbi kwa brashi laini, anakisogeza kwenye kivuli, anasoma joto lake kwenye kile kioo mara nyingi kuliko alivyopima presha yake mwenyewe. Nikakiita Bi Mdogo, mke mwenzangu. Alilipenda jina hilo mpaka akaingia kwenye mipangilio, akakiandikisha hivyohivyo.

Ugomvi wetu ulikuwa soketi. Soketi nzima humu ndani ni moja, ya sebuleni, na ukiunganisha pasi na Bi Mdogo kwa pamoja swichi kubwa inaanguka, nyumba nzima inazimika. Basi ikawa zamu. Asubuhi nachomoa Bi Mdogo, nachomeka pasi. Nikimaliza mashati ya watu, namrudisha. Mume wangu alikuwa akisema huo ndio uadilifu kwa wake wawili.

Hata siku aliyofariki ile plagi ilinitia hasira. Nilikuwa nimemaliza pasi jana yake jioni, kwa sababu mwenye mgahawa alitaka sare za wahudumu wake mapema. Kwa hiyo asubuhi sikugusa pasi. Nilibeba mzigo nikatoka, nikamwacha mume wangu kwenye kiti chake, Bi Mdogo akivuma pembeni. Niliporudi plagi ilikuwa chini sakafuni. Nikajua amechomoa ili achaji simu, kisha akasahau, kama kawaida yake. Nikaichomeka huku nanung'unika, feni ikaanza, nikapitiliza jikoni kunywa maji. Hukohuko jikoni nikawa namsimulia kwa sauti jinsi mwenye mgahawa alivyokagua yale mashati, anayageuza ndani nje kama anayanunua. Nilisimulia mpaka mwisho. Hakucheka pale ambapo angecheka. Ndipo nikarudi sebuleni, nikamtazama vizuri.

Baada ya msiba watu waliniambia nikizime kile kidude, kinakula umeme bure. Nilikataa. Nyumba bila ule mvumo ilikuwa kimya mno, na mimi nilikuwa nimeshapoteza mtu mmoja wa kugombana naye. Nikamwacha mke mwenzangu aendelee kubahatisha. Kilichobadilika ni saa za pasi tu. Zamani nilikuwa napiga asubuhi, siku hizi nikawa napiga wakati wowote, mchana, jioni, nikikosa la kufanya. Na hapo ndipo simu za shemeji zilipoanza.

Siku moja nilikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni. Nimechomoa Bi Mdogo, nimeweka pasi ipate moto, nikatoka uani kuanua. Simu iliita ndani, sikuisikia. Sijamaliza hata kukunja yale mashuka, nikasikia pikipiki inafunga breki mbele ya nyumba, na shemeji huyo ndani, bila hodi, begi la vifaa begani, jasho linamchuruzika. Kabla hajaniona aliitazama soketi. Niliyaona macho yake. Soketi kwanza, halafu mimi.

"Nilikuwa napita," alisema.

Karakana yake iko upande wa pili wa mji. Hapiti mtu hapa akitokea kule, labda awe amepotea.

"Karibu," nikasema. "Unapita unaenda wapi?"

"Kuna friji la mtu."

"Mtaa gani?"

Akaanza kuzunguka mbuyu, mara kule chini, mara karibu na shule. Nikamwacha azunguke. Macho yangu yalikuwa kwenye begi lake, kwa sababu kwenye mfuko wa pembeni ilikuwa imechungulia futi, ya chuma, ya njano.

"Shemeji," akasema akiwa ameshashika mlango, "hiki kisanduku usikizime sana."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Marehemu alikuwa anakipenda."

Alivyosema marehemu, sauti ilimkwama, akatoka haraka. Mtu mwingine angemwonea huruma. Mimi nilijiambia, huyu kuna kitu anakificha, na kiko kwenye hicho kisanduku.

Jirani yangu ni msusi, na habari zote za mtaa zinapita kwenye vidole vyake. Nilimweleza siku hiyohiyo huku akimsuka mteja, na yule mteja naye akatega sikio waziwazi.

"Jirani, mwenzio amekuwekea jicho humo ndani," alisema msusi. "Hicho kidude kina kamera. Anakuona ukila, anakuona ukivaa."

"Kamera ya nini kwa mtu wa umri wangu?"

"Siyo wewe. Anaangalia nyumba. Anangoja siku utakayosafiri."

Yule mteja akasema au labda kidude kimeshapata zile hela, na mwenye kujua ni huyo shemeji peke yake. Msusi akaacha kusuka.

Niliamua kumtega. Kesho yake mchana, bila nguo wala pasi, nikachomoa plagi ya Bi Mdogo, nikaketi kwenye kiti cha marehemu, simu mkononi. Feni ikafa taratibu. Nikangoja. Nilikuwa karibu kucheka ujinga wangu mwenyewe simu ilipoita.

"Shemeji, uko salama?"

"Niko sokoni," nikamwambia.

Kama ana kamera, nilijua atajikwaa hapo.

"Sokoni?" akasema. "Sasa nyumbani yuko nani?"

Hakuniona, la sivyo asingeuliza. Lakini alijua kwamba muda huohuo, ndani ya nyumba yangu, kuna mkono umegusa soketi. Nikamwambia hakuna mtu, labda umeme umekatika, na nikarudisha plagi haraka kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Kisha nikakasirika. Nyumba yangu, soketi yangu, halafu natetemeka mimi.

Asubuhi iliyofuata nilimchomoa Bi Mdogo, nikamfunga kwenye kitambaa cha kupigia pasi, nikamtia kwenye kikapu. Msusi alikuwa amenionya kwamba simu nayo inaweza kumwonyesha mtu ulipo, kwa hiyo nikaiacha mezani. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaenda kwa fundi simu wa kituoni, mtu ninayempigia pasi mashati na ambaye hajawahi kunidanganya zaidi ya kawaida.

Aliondoa skrubu, akavaa miwani, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Kamera hakuna, mama," alisema. "Wala kitu cha kunasa sauti hakuna. Ni chipu, feni, na waifai."

"Hela je?"

Akacheka, kisha akaona sura yangu, akaacha. "Hela haikai humu. Siku kikipatia, inaenda moja kwa moja kwenye pochi ya mtandaoni. Anwani ya hiyo pochi imeandikwa kwenye mipangilio." Akakiwasha, akakiunganisha na simu yake bila kuwasha data, akanionyesha mstari mrefu wa herufi na namba, umechanganyika kama mtu aliyekanyaga vitufe.

"Pochi ya nani hiyo?"

"Hapo sasa hakuna jina. Anayejua maneno ya siri ndiye mwenye pochi."

Nilimwona shemeji akilini mwangu, na jasho lake, na futi yake.

"Ila kuna kitu kingine," fundi akasema, akisogeza kioo kwa kidole. "Hiki kimefungwa na namba ya simu ya mtu. Kikizimika kidogo tu, yule mtu anapata ujumbe. Kikiwaka tena, anapata mwingine." Akanisomea namba. Hakuhitaji kuimaliza.

Basi nilirudi nyumbani nimepandisha presha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayanyoosha moja moja. Nitamwambia hivi, akijibu hivi, nitamwambia vile. Nilikuwa nimeshaandaa na kilio, kama kingehitajika, cha kusikika mpaka kwa msusi.

Nilipokunja kona niliona watu mbele ya nyumba yangu. Msusi alikuwa amesimama na kitana mkononi. Pikipiki ilikuwa imelala chini, hata haikuegeshwa. Na mlango wangu, mlango ambao mume wangu aliupaka rangi kwa mikono yake, ulikuwa umepasuka kwenye kitasa, ubao umechanika, kipande kimelala kizingitini.

Shemeji alikuwa ndani, sebuleni. Amesimama katikati ya chumba, amekamata simu yangu.

Maneno yote niliyoyanyoosha yakajikunja upya. Nilichosema ni hiki: "Umeanza na mlango. Kesho utaanza na paa?"

Aligeuka. Uso wake ulikuwa wa majivu. Aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akakaa chini, siyo kwenye kiti, chini kabisa, kwenye sakafu, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Simu yako ilikuwa inalia humu ndani," alisema. "Nimepiga, nimepiga. Nimefika, nikagonga, nikapiga tena, nikaisikia inalia ndani. Mlango umefungwa, simu inalia, na Bi Mdogo amezimika. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Ningefikiri mwenye nyumba ametoka."

"Mimi sikufikiri hivyo."

"Wewe unafikiria nyumba hii," nikamwambia, na sasa sikujali nani anasikia. "Nimeona futi yako. Nimeona unavyoingia bila hodi. Umeniwekea kidude kinachokuambia nikishika hata soketi yangu. Na hiyo pochi ya hela ni ya nani? Niambie hapa mbele ya watu."

Msusi alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye ule mlango uliopasuka. Shemeji alimtazama, kisha akanitazama mimi, akiwa haelewi.

"Nyumba gani?" aliuliza. "Shemeji, nyumba ni yako. Kaka aliijenga, wewe ulibeba maji ya zege. Nani amekuambia habari za nyumba?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe. Lakini sikuwa tayari kumpa hilo.

"Pochi?"

"Pochi ni ya kaka. Maneno ya siri alikuwa nayo kichwani, na ameenda nayo." Alijaribu kucheka. "Kikipatia leo hii, shemeji, hakuna binadamu anayeweza kuitoa hiyo hela. Kinabahatisha bure."

"Basi unakilinda cha nini?"

Hapo alimtazama msusi tena. Msusi, na hili sitalisahau, alirudisha kichwa chake nje, akawaambia watu waende zao. Nikafungua kikapu, nikamtoa Bi Mdogo kwenye kitambaa, nikamweka mezani. Shemeji alikuwa anamwangalia tangu anatoka kikapuni.

"Kumbuka mara ile kaka alipoanguka, wewe hupo," akaanza. "Alishika simu, vidole vinatetemeka, hakuweza hata kulipata jina langu. Alilala hapo chini mpaka uliporudi. Baadaye akaniambia, bwana mdogo, mimi simu itanishinda, lakini plagi iko chini ya mkono wangu. Nikizidiwa nitaichomoa. Wewe ukiona Bi Mdogo amezimika, njoo."

Niliishika meza.

"Mimi mbona hakuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaacha kutoka, utakaa hapa unamlinda, na nguo za watu ndizo zinazowalisha. Akasema asubuhi kinazimika kwa sababu ya pasi, hiyo nisiijali. Muda mwingine wowote, nije mbio." Akafuta uso kwa kiganja, akajipaka grisi shavuni. "Na kabla hajafa aliniambia, nikiondoka, endelea kumwangalia shemeji yako kwa njia hiyohiyo, maana naye hatakupigia simu hata akifa. Alikuwa anakujua."

Nilitaka kukasirika kwa hilo. Sikuweza. Alinijua kweli.

Nilikuwa nimemhukumu mtu huyu kwa miezi. Kila simu yake niliikagua nikitafuta doa. Aibu ilinipanda mwilini, na ningeweza kuishi nayo hiyo aibu, ningempikia chakula, ningemwomba radhi, tungesahau. Lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Shemeji, kuna kitu nimekuwa nataka kukuuliza tangu msibani," alisema. "Kila nikipiga simu nataka kukuuliza hicho. Halafu nakuuliza uko salama."

"Uliza."

"Siku ile, asubuhi, ujumbe ulikuja. Bi Mdogo amezimika. Nilikuwa nimeshika friji la watu, nusu limefunguliwa. Nikaangalia saa, nikaona ni saa zako za pasi. Nikasema ni pasi, nikaendelea na kazi. Baadaye ujumbe ukaja kwamba amewaka tena. Nikasema, unaona, ni pasi. Halafu ukanipigia, unalia. Ilikuwa pasi, siyo? Siku ile ulikuwa unapiga pasi?"

Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu mzima. Alikuwa amekaa sakafuni pale pale nilipoikuta ile plagi.

Niliiona tena, plagi sakafuni. Kiti. Mkono wa mume wangu umening'inia upande wa soketi, mkono ambao nilidhani umelegea kwa usingizi. Simu yake, ambayo nilidhani alitaka kuichaji, ilikuwa chumbani, nilikuja kuikuta huko baadaye na sikujiuliza. Aliita. Aliita kwa njia pekee aliyobaki nayo, na mtu mmoja hakuja kwa sababu ya pasi yangu ya kila asubuhi. Na mimi niliporudi, niliunyamazisha mwito wake kwa mkono wangu, nikanung'unika, nikaenda kunywa maji.

Niseme ninavyojisikia, sina sababu ya kuficha. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia, haikuwa pasi, kaka yako alikuita, ili nisibaki nalo peke yangu hilo neno, ili tulibebe wawili. Lilikuwa limeshafika ulimini. Mimi ni mtu wa kusema kweli, mtaa mzima unajua, na nimewanyoa watu wazima bila maji kwa uongo mdogo kuliko ule.

"Ilikuwa pasi," nikasema.

"Mwenye mgahawa alitaka sare mapema," nikaendelea, na nikashangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa imetulia. "Kulikuwa na shati moja limebaki, la msimamizi, lina kola ngumu. Nilichomoa, nikalipiga, nikamrudisha Bi Mdogo mwenyewe. Ndipo nikatoka. Kaka yako aliniaga. Akaniambia nisichelewe."

"Alikuambia usichelewe."

"Ndiyo."

Aliinamisha kichwa kwenye magoti akalia, kilio cha mtu aliyekuwa ameshikilia kitu kizito na sasa ameruhusiwa kukiweka chini. Nilisimama pale, mkono mezani, nikamwacha alie. Nilipoona anapungua nilimletea maji.

Baadaye alichukua begi lake. Akatoa ile futi ya njano, akapima mlango, juu, chini, na pale ulipopasuka. Alisema ubao mzima unahitajika, kitasa atanunua kipya, kesho atakuja nao. Kwa siku ile aliupigilia misumari ili ufungike. Msusi alirudi kuchungulia, akaniuliza kwa macho, nami nikamjibu kwa sauti kwamba shemeji yangu ananitengenezea mlango, kama ana swali aingie.

Kabla hajaondoka alimchomeka Bi Mdogo. Feni ikavuma, kioo kikawaka, na simu yake mfukoni ikatoa mlio. Aliitoa, akaisoma ingawa alikuwa amesimama mbele ya kisanduku chenyewe.

"Amerudi," alisema.

Siku hizi hanipigii tena kuniuliza kama niko salama, kwa sababu namwahi. Kabla sijaigusa plagi namtumia ujumbe, maneno mawili tu: Ni pasi. Naye hunijibu sawa, akaendelea na friji lake. Namchomoa Bi Mdogo, nachomeka pasi, nanyunyiza maji kwenye kola ya kwanza, nangoja ipate moto. Wakati huo wa kungoja ndio mgumu. Naitazama ile plagi ikiwa imelala sakafuni, na namsikia mume wangu akiniita, na nakumbuka kwamba nilimjibu kwa habari za mashati.

Halafu pasi inapata moto, naanza kazi.